Sanduku Jekundu la Vipande 108

Kijana aliteremka kwenye bajaji Ilala, jirani na Shaurimoyo, ameshika sanduku jekundu la plastiki lililoandikwa ubavuni kwamba lina vipande 108. Alipolifungua juu ya boneti ya Toyota IST iliyobondeka upande mmoja, vijana wa yadi ya skrepa walimzunguka. Mmoja akapiga mbinja. Mwingine akatamka kwamba huyu sasa ndiye fundi. Muuzaji alitupa jicho mara moja tu kwenye zile kromu zinazometameta, na kioo cha pembeni alichokifuata kijana kikapanda bei papo hapo. Nusu saa baadaye skrubu mbili za kava la mlango zilikuwa zimelika vichwa, klipsi tatu zimekatika, na kioo bado kimekaa mahali pake.

Sifa za aina hiyo zinaudhi, tena zinaudhi zaidi zinapotoka kwa watu wanaoshinda kwenye skrepa kutwa nzima.

Spana za kwenda nazo yadi si spana za gereji. Gereji kuna kivuli, kuna jeki, kuna dogo wa kutumwa. Yadi mtu analala juu ya vioo vilivyovunjika, mkono mmoja ndani ya mlango, na kila asichokihitaji kinampunguzia pumzi. Toyota, Nissan na Mitsubishi nyingi zinazofika skrepa hufunguka kwa milimita 8, 10, 12, 14, 17 na 19, na 21 kwa nati za tairi. Ukiwa na hizo, racheti moja, ekstensheni mbili, plaizi, bisibisi na tochi ya kichwani, kazi kubwa imekwisha.

Seti za dukani hupangwa kwa hesabu nyingine. Bolti ya M8 kwa kipimo cha Kijapani mara nyingi ina kichwa cha 12; kwa Mjerumani kichwa ni 13. Asiyejua hilo akiikosa 12 hudaka 13, au ile ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, akaegemea kwa nguvu zote. Bolti ikishakuwa duara, hata muuzaji hukasirika. Soketi za inchi zilikuwa na heshima yake enzi za Land Rover 109, gari ambalo fundi aliweza kulifungua porini na kulirudisha kabla ya magharibi. Siku hizi ni mzigo tu. Na soketi iwe ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili ni ya injini safi. Kwenye bolti iliyolala na kutu itateleza, na suala hili halina mjadala.

Hayo mtu huyajua akishakosea mara mbili. Linalowapita wengi maisha yote ni bisibisi ya nyota.

Nyota ziko mbili. Moja ni ya Phillips, iliyoitwa kwa jina la Henry F. Phillips wa Portland, Oregon, aliyepata hataza zake mwaka 1936. Ncha yake imechongoka na mbavu zake zina mteremko, hivyo nguvu ikizidi hupanda yenyewe na kuruka nje. Ya pili ni ya kiwango cha Kijapani, JIS: ncha butu kidogo, mbavu zimesimama wima, na inazama mpaka chini ya shimo. Kwa macho ni mapacha. Kwa mkono ni kama ufunguo wa nyumba na ufunguo wa jirani. Ile ya JIS hukaa vizuri hata kwenye skrubu ya Phillips, lakini ya Phillips ikiingia kwenye skrubu ya Kijapani huelea, na mzunguko wa kwanza tu hula kona. Skrubu nyingi za Kijapani zina kitone kidogo kichwani, mfano wa tundu la sindano, pembeni mwa msalaba. Watu huziangalia kila siku wasikione.

Mzee mmoja wa gereji za Gerezani hutembea na skrubu ya mlango kwenye mfuko wa shati. Akienda kununua bisibisi huipachika skrubu kwenye ncha, akailaza bisibisi sawasawa kama pima maji, kisha anasubiri. Skrubu ikiinamisha kichwa, bisibisi inarudi kwa mwenyewe. Wauzaji wajanja wamemshtukia, wanatia ncha sumaku ili skrubu ining'inie hata kama haijakaa. Kwa hiyo mzee huitikisa kwa kidole: ikicheza kushoto na kulia, iliyoishika ni sumaku. Zamani, JIS zilipoadimika, alikuwa akiinoa ncha ya Phillips kwenye jiwe, anaondoa unywele tu, mpaka izame. Sasa anayo ya Vessel, watu wa Osaka, ambayo chuma chake kimepita hadi kisogoni. Skrubu ikigoma anakigonga kisogo hicho nyundo moja kabla ya kuzungusha.

Maandishi yasimdanganye mtu. "Chrome Vanadium" hugongwa hata kwenye chuma kinachopinda kama kijiko cha bati, na "Germany Standard" haisemi kwamba kitu kimetoka Ujerumani. Kiangaliwe kinywa cha soketi. Kikiwa kimechongwa mteremko mpana kwa ndani, hakitashika bolti yenye kichwa chembamba. Racheti nayo ihesabiwe meno kwa sikio: sauti iwe ya haraka na nyepesi, kwa kuwa ndani ya mlango mkono hauna nafasi ya kuzunguka.

Kuhusu kubeba, sanduku la plastiki halifai. Likianguka linatapika, na muuzaji akiliona anapandisha bei. Linalofaa ni turubai la kukunja lililoshonwa na fundi cherehani, kila kifaa na mfuko wake, rangi ya vumbi, lisilosema chochote likiwa kwapani. Kitambaa laini hakidumu, na cheusi huficha soketi. Soketi za 10 ziwe mbili, maana moja itapotea.

Siku ile ya sanduku jekundu, mzee alikuwapo kufuata stata. Alitazama mpaka uvumilivu ukamwishia, akamsogeza kijana kwa kiwiko bila salamu. Zile skrubu mbili zilizolika alizigonga kwanza, zikafunguka kwa shida. Akatoa kava, akachomoa soketi ya waya, nati tatu za 10, kioo mkononi. Kisha akatandaza turubai chini na kupapasa mifuko mmoja mmoja. Mfuko wa 10 ulikuwa mtupu. Akaguna, akarudi kupiga magoti mlangoni, na kijana akamshikia tochi.