Mwalimu wa Fidla Hupimwa kwa Mtoto Aliyeanza Juzi

Mzazi wa Kasongo au Kabambare, kusini mwa Maniema, anayetaka mtoto wake ajifunze fidla au piano huwa na swali moja kabla ya karo na kabla ya kununua chombo: mwalimu huyu anafaa? Wengi husubiri onyesho la mwisho wa mwaka. Mtoto hodari kuliko wote hupanda jukwaani, ukumbi hujaa vigelegele, sifa zote humwendea mwalimu. Kipimo hicho hudanganya. Mtoto mwenye kipaji hujifunza hata kwa mwalimu dhaifu, ilimradi apate chombo na muda. Ubora wa mwalimu husikika kwa mtoto aliyeanza mwezi huu, ambaye bado hajui wimbo hata mmoja.

Kwa hiyo mzazi aombe kuketi darasani mtoto huyo anapofundishwa. Shule inayokataa bila sababu imekwisha kujieleza.

Kwenye fidla, macho yaanze na mkono wa kulia, ingawa watu wengi hutazama vidole vya kushoto vinavyokimbia. Sauti hutoka kwenye upinde. Fidla ina nyuzi nne, sol, re, la na mi, na mwanafunzi wa mwanzo huanza kwa uzi mtupu, bila kubonyeza kidole. Upinde unatakiwa kupita kati ya daraja na mwisho wa ubao wa vidole, ukienda sambamba na daraja. Ukiteleza kuelekea ubao, sauti hupwaya na kujaa pumzi. Ukisogea mno kwenye daraja huku mkono ukikandamiza, uzi hukwaruza. Kidole gumba kikunjwe kidogo, na kidole cha mwisho kikae juu ya kijiti kikiwa kimepinda. Gumba likikakamaa, kifundo cha mkono hukakamaa, kisha kiwiko, kisha bega, na baada ya miaka miwili mtoto huyo hulalamika maumivu ambayo hakuna aliyejua yalianzia wapi.

Hapa ndipo walimu wanapotofautiana. Mwalimu wa kawaida husema, "Legeza mkono," kisha hurudia kwa sauti kubwa zaidi. Mwalimu mzuri husogea karibu, hushika ncha ya upinde, humwacha mtoto avute polepole huku yeye akiuongoza unyooke. Wengine hawampi mtoto upinde kabisa katika siku za kwanza. Humpa penseli aishike kwa vidole vilevile mpaka mkono uzoee. Baada ya dakika chache sauti ya uzi mtupu hubadilika, na hata mtu asiyejua muziki huyasikia mabadiliko hayo. Mabadiliko yasiposikika, maelezo yote mazuri ya mwalimu hayajamfikia mtoto.

Saizi ya chombo nayo hutoa ushahidi. Fidla za watoto hutengenezwa kwa vipimo vinavyopungua: robo tatu, nusu, robo, moja ya nane, moja ya kumi, moja ya kumi na sita. Mtoto hunyoosha mkono wa kushoto chini ya fidla iliyokaa begani, na kichwa cha chombo kinatakiwa kufika karibu na kiganja huku kiwiko kikibaki na mkunjo mdogo. Mwalimu anayempa mtoto wa miaka sita fidla ya mtu mzima ati "atakua nayo" anaharibu mkono kwa kuokoa fedha. Kama shule haina ndogo, ni afadhali mtoto aimbe noti na kupiga midundo kwa makofi mpaka chombo kipatikane.

Mjapani Shinichi Suzuki, aliyeishi kati ya 1898 na 1998, alijenga njia yake yote juu ya wazo kwamba mtoto anaweza kujifunza muziki jinsi anavyojifunza lugha ya nyumbani: kwa kusikia sana, kurudia sana, na mzazi kuwapo. Mtu anaweza kupinga sehemu za njia hiyo, hasa pale kusoma noti kunapocheleweshwa mno. Lakini swali lake kwa mwalimu linabaki zito: mtoto anasikia nini kabla ya kupiga? Mwalimu mzuri hupiga mwenyewe darasani, kwa sauti safi, kila mara. Asiyegusa chombo saa nzima anafundisha kwa maneno kitu kinachoingia kwa sikio.

Masikio ya watoto wa Maniema ya kusini hayaanzi sifuri. Wako waliokua wakiimba kwaya ya parokia kwa sauti nne, na wako waliokua na kasida na dufu za Maulidi. Mwalimu anayewapokea kana kwamba hawajui chochote anatupa akiba kubwa, na jambo hili lina historia. Katika miaka ya 1870 na 1880, Kasongo ilipokuwa makao ya mfanyabiashara Tippu Tip na njia ya misafara, ya pembe na ya watumwa, ilipokwenda Ujiji, Tabora na Bagamoyo, Unguja ilitawaliwa na Sultani Barghash. Kwa mujibu wa simulizi za taarab, ndiye aliyemtuma Mohamed Ibrahim kwenda Kairo kujifunza kupiga kanuni, ala ya nyuzi. Mwaka 1905 kikaundwa huko Unguja kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa, na fidla ikapata makao katika muziki wa pwani.

Urithi huo ulipata shule mwaka 2002, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilipofungua milango katika jengo la Forodha ya Zamani, barabara ya Mizingani, Mji Mkongwe. Walimu waliofundisha huko, kama Mohamed Issa Matona, mpiga fidla na udi, wanaonyesha sifa ambayo mzazi wa Kasongo anapaswa kuidai: sikio linalojua zaidi ya njia moja ya kupanga sauti. Katika maqamu (mpangilio wa noti wa Kiarabu) ya Rast inayoanzia do, noti ya tatu hukaa kati ya mi na mi bemoli. Piano haina noti hiyo. Fidla inayo, kwa kuwa shingo yake haina vizuizi vya kuweka mipaka ya vidole. Mwalimu asiyelijua hilo atamkemea mtoto wa madrasa kwa kupiga "vibaya" noti aliyoipata sahihi. Anayelijua atamwonyesha mahali pawili pa kuweka kidole kilekile na kumwambia kila mahali ni pa muziki upi.

Upande wa piano, uchunguzi uanze chini, miguuni. Mtoto ambaye miguu yake inaning'inia hujishikilia kwa mabega, na mabega yaliyokaza hayatoi sauti laini. Kiwiko kiwe karibu usawa wa vibonyezo. Mwalimu anayetafuta tofali mbili au kigoda na kuviweka chini ya miguu kabla ya noti ya kwanza anaijua kazi yake, hata kama chumba chake hakina rangi ukutani.

Mara nyingi chombo chenyewe kitakuwa kinanda cha umeme chenye vibonyezo 61, kikitegemea betri au sola, badala ya piano ya vibonyezo 88. Hakuna ubaya kuanzia hapo. Ila kibonyezo lazima kijibu nguvu ya kidole: ukigusa polepole kitoe sauti ndogo, ukigusa kwa nguvu kitoe kubwa. Bila hilo mtoto hujifunza kubonyeza tu, na atakapokutana na piano ya kweli mikono yake itakuwa migeni. Jambo la pili ni kile kitufe cha mdundo wa kujiendesha. Ibada au harusi inaweza kukihitaji. Darasani kizimwe, mtoto auhesabu mdundo mwenyewe kwa mdomo huku akipiga.

Vyeti visomwe kwa makini. Mitihani ya bodi ya Uingereza ya ABRSM, yenye madaraja manane, imeenea Afrika Mashariki, na cheti cha daraja la nane huthibitisha kwamba mtu aliweza kupiga vipande fulani mbele ya mtahini. Hakithibitishi kwamba anaweza kukaa na mtoto wa miaka saba anayelia. Kinyume chake, Orkestra ya Kimbangu ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, rubani wa zamani na mjukuu wa Simon Kimbangu, ilianza na watu wengi waliojifunza wao kwa wao, wakipokezana fidla chache. Uzi ukikatika, waya wa breki ya baiskeli ulishika nafasi yake. Mwenzao Albert Matubanza alijitengenezea besi kubwa za mbao. Orkestra hiyo ikafika kupiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven. Huko Korogocho, Nairobi, mradi wa Ghetto Classics ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka 2008 huwapa wanafunzi wakubwa kazi ya kuwafundisha wadogo, na hicho ni kipimo kigumu kuliko cheti: aliyefundishwa kwa kukariri hawezi kumweleza mwenzake.

Kuhusu adhabu, hakuna cha kujadili. Rula ikigusa vidole vya mtoto, mzazi amchukue mtoto wake siku hiyohiyo. Mkono unaoogopa hukakamaa, na mkono uliokakamaa hauwezi kupiga. Masomo ya mtoto mmoja mmoja yafanyike mlango ukiwa wazi, na mtu mzima mwingine awe karibu. Mwalimu mwadilifu hatakasirika kuombwa hivyo.

Mwisho wa somo, mzazi amsikilize mwalimu anapotoa kazi ya nyumbani. "Kafanye mazoezi" si kazi. "Piga mistari hii miwili polepole mara tano kila jioni, usikilize kama uzi wa la unalia bila kukwaruza" ni kazi. Dakika kumi za kila siku humjenga mtoto kuliko saa mbili za Jumamosi, na pale fidla moja inapotumiwa na watoto wanne, mwalimu anayejali huandika zamu ukutani na kuzisimamia.

Kisha mzazi aombe kuona kabati. Unyevu wa Maniema huvimbisha mbao na kulegeza gundi, kwa hiyo fidla zikae ndani ya masanduku, mbali na ukuta unaotoka maji na mbali na bati lenye joto. Nywele za upinde zilegezwe baada ya kupiga. Pawepo nyuzi za akiba, hasa za mi, ambazo hukatika upesi, na kipande cha kolofani cha kupaka upinde. Na mwalimu aulizwe nani hubadilisha uzi ukikatika katikati ya juma. Jibu zuri kuliko yote ni jina la mwanafunzi.