Sufuria ya dakika ya 6

Nianze na sufuria, kwa sababu kila kilichoharibika baadaye kilitoka mle. Dakika ya 6, mpishi wetu wa televisheni wa Jumamosi, akiwa amekwisha kuchagua vikombe vyake 2 vya adesi nyekundu na kuzikosha maji matatu, alizimimina kwenye sufuria, akazifunika kwa maji na kuwasha jiko. Mtangazaji akauliza zitakaa motoni muda gani. "Dakika 15, mpaka zilainike kabisa." Mimi kikombe cha chai nilikiweka chini. Kipindi kilikuwa kimebakiza dakika 20, na kababu zilikuwa zimeshakufa.

Mapishi mmeyaona, sitawasimulia upya. Mada ilikuwa kababu za adesi zisizo na nyama, yai wala maziwa, na mada yenyewe sina ugomvi nayo. Kuchagua na kuosha kulifanywa vizuri. Viungo vilikaangwa vikavu kabla ya kutwangwa, vizuri pia. Turudi kwenye sufuria.

Adesi nyekundu haina ganda na imeshapasuliwa katikati. Hakuna kinachoishika. Dakika 15 za maji yanayochemka zinaigeuza rojo, na ndicho tulichokiona: mwiko ulipita mle kama unapita kwenye uji wa mgonjwa. Kisha akafanya la pili lililolizidi la kwanza, akamimina rojo kwenye chujio ili "kutoa maji". Yale maji mazito ya manjano yaliyokwenda kwenye sinki, yenye povu pembeni, ndiyo niliyokuwa nayalilia. Ile ilikuwa gundi ya kababu.

Nieleze kidogo, ingawa wa zamani katika safu hii wamenisikia. Adesi kavu ina protini karibu robo ya uzito wake, na sehemu kubwa ya inayobaki ni wanga. Vyote viwili ni gundi, lakini ni gundi ya kutumika mara moja tu. Wanga ukikutana na maji kwenye joto la nyuzi 60 hadi 75 hivi, chembe zake zinafyonza maji, zinavimba na kunata. Protini nayo ikipata moto inaganda, kama ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango, na ikishaganda hairudi nyuma. Swali la mchambuzi basi ni wapi unataka hayo yatokee. Yakitokea ndani ya kababu, ikiwa karaini, chenga mbichi zinashikana moja kwa moja na kababu inajifunga yenyewe. Yakitokea kwenye sufuria, kila punje imejivimbia na kujigandia kivyake, na unapokuja kufinyanga unafinyanga vitu visivyo na sababu ya kushikana.

Anayepika kwa yai anaweza kuchemsha akaponea chupuchupu, kwani yai litamfungia. Asiyetumia yai hana akiba hiyo. Yai la adesi limo ndani ya adesi yenyewe, na mpishi alilichemsha mbele yetu sote.

Halafu kuna maji. Adesi iliyochemshwa, karibu asilimia 70 ya uzito wake ni maji. Iliyolowekwa tu inazunguka nusu. Tofauti hiyo inadaiwa kwenye mafuta. Maji yanageuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni ubavuni mwa kababu.

Angalieni sasa deni lilivyolipwa. Mkono ukaingia kwenye bakuli, mchanganyiko ukang'ang'ania vidole. Unga wa ngano, vijiko 3. Bado. Vijiko 2 vingine. Mtangazaji akacheka, mpishi akacheka, vijiko vikaendelea. Nilihesabu 9 kabla kamera haijaenda kwenye matangazo, na tuliporudi mfuko wa unga ulikuwa umelala ubavu. Kumbukeni kwamba kila kijiko cha unga kinataka chumvi yake na viungo vyake, na hakuna kilichoongezwa. Tulikuwa tumeanza na kababu za adesi; kufikia hapo tulikuwa na andazi lililopitia karibu na adesi.

Na karaini? Kababu ya kwanza iliingia, ikatoa povu jingi, na ghafla tukaonyeshwa kachumbari. Nyanya zinakatwa, tena kwa karibu sana, tukahesabu mbegu. Tuliporudi kwenye jiko, mafuta yalikuwa maangavu kama maji ya kunywa. Mimi nimekaa pembeni ya karai miaka mingi. Mafuta yaliyokwisha kupokea kababu moja iliyotawanyika hayawi hivyo. Yana vumbi jeusi chini na chenga zinazoelea. Yale yalikuwa mafuta mapya, na aliyeyabadilisha anajua kwa nini.

Kuna waliokwisha kunipigia kumtetea kwa hoja yake ya usalama, kwamba "nafaka mbichi zina sumu". Kwanza adesi si nafaka. Pili, hoja ni ya kweli, ila anwani imekosewa. Maharage mekundu ndiyo yenye kitu cha kuogopwa: yakiliwa mabichi au nusu mabichi yanatapisha na kuharisha vibaya, na lazima yalowekwe, maji yamwagwe, kisha yachemke kwelikweli. Mwenye kutaka kababu za maharage achemshe, wala asinitaje. Adesi si maharage mekundu. Ikilowekwa, maji yake yakamwagwa, ikasagwa na kukaangwa kwa kababu nyembamba hadi katikati ikaiva, imepikwa kama chakula kingine chochote. Wamisri wanasaga maharage yao mapana ya fava yakiwa yamelowekwa tu, hawajayapeleka motoni, wanapata taamiya. Wanigeria wanasaga kunde mbichi wanapata akara, na akara hiyo ilivuka bahari na watumwa hadi Bahia, Brazil, ambako inakaangwa mpaka leo kwenye mafuta ya mawese. Na sisi bajia za kunde za kwenye urojo wa Unguja tunazifanya vivyo hivyo: loweka, fikicha maganda, saga mbichi, piga. Pande zote hizo hakuna aliyeona haja ya kutanguliza sufuria.

Nitamtendea haki kwa jambo moja. Waturuki wana kababu za adesi nyekundu ambazo huchemshwa kwanza. Lakini wanachemsha wakiwa na mpango: adesi ikiwa moto inatiwa bulguri laini, yaani ngano iliyochemshwa, ikakaushwa na kuvunjwavunjwa, inafunikwa, na ngano inakunywa maji yote yaliyobaki. Kisha inafinyangwa mkononi na kuliwa ikiwa ya baridi, na jani la saladi. Haiingii kwenye mafuta hata kidogo. Kama mpishi wetu aliiona mahali, aliondoka na nusu ya mapishi.

Na jina? Mtangazaji alisema "dengu" mara nne na "adesi" mara mbili kwa kitu kilekile kilichokuwa kwenye bakuli. Nimelalamika juu ya hili tangu nianze kuandika hapa na nitalalamika tena. Kilichokuwa mle ni adesi, ambazo ndugu zetu wa Kenya wanaziita kamande. Dengu zetu za bajia ni nyingine, kubwa zaidi, za njano, na zinataka kulowekwa muda mrefu zaidi. Ndengu za Kenya ni choroko zetu. Mtu wa Arusha akimtuma mtoto wa Namanga dengu, ajiandae kupika alicholetewa.

Mnajua ninakokwenda sasa, kwa hiyo wasiotaka kumsikia yule mama wa Ngamiani waruke aya mbili.

Tanga, nikiwa darasa la tatu, alikuwa akiuza bajia za dengu kwenye kona iliyo karibu na shule yetu, karai moja, beseni moja, karatasi za daftari zilizokatwa mraba. Dengu alizitia majini baada ya Isha. Alfajiri alizimwaga kwenye ungo mkubwa na kuziacha hapo mpaka zimenyauka maji juu, jambo ambalo sijaona mpishi yeyote wa televisheni akilifanya. Alizitwanga kwenye kinu, na hakuzitwanga zote sawa: fungu kubwa liliachwa chenga, kama mchele uliovunjika, na fungu dogo lilitwangwa hadi likawa laini kabisa. Lile laini ndilo lililoshika, lile la chenga ndilo lililolia kinywani. Sikulielewa hilo hadi nilipokuwa mtu mzima.

Chumvi ilikuwa ya mwisho. Karai likishapata moto, ndipo alipotia chumvi, kitunguu na kotmiri kwenye beseni dogo, akachanganya za kukaanga kwa dakika chache tu, zikiisha akachanganya nyingine. Ukitia chumvi mapema, kitunguu kinatoa maji na beseni linageuka ziwa. Kisha mkono ukachovywa kwenye maji, tonge likawekwa kiganjani, na kidole gumba kikabonyeza katikati. Kile kibonyeo mimi utotoni nilidhani ni pambo, au alama yake ya biashara. Ni hesabu. Katikati ndipo panapochelewa kuiva, kwa hiyo unapapunguza. Mpishi wa Jumamosi alifinyanga mipira minene kama ndimu, akaibana kidogo kwa uma, na alipoikata mbele ya kamera mwanga ulikuwa umepunguzwa.

Hamkuniuliza kuhusu blenda lakini nitasema. Blenda inataka maji ili izunguke. Usipoipa inanguruma bure, ukiipa umeharibu. Mwenye mashine ya kusagia nyama ameokoka. Mwenye kinu ameokoka zaidi. Mwenye blenda tu asage kidogokidogo kwa kugusa na kuachia, akikwangua pembeni kwa kijiko, na asikubali kishawishi cha nusu kikombe cha maji. Katika kipindi, blenda ilitumika kusaga rojo. Sijui walitarajia ipate nini cha kusaga.

Chatine ya ukwaju ilikuwa nzuri.

Jumapili niliingia jikoni mwangu, maana hakuna haki ya kumhukumu mtu bila kushika mwiko. Kikombe 1 cha adesi nyekundu nilikichemsha kama alivyofanya yeye. Kikombe kingine nilikiloweka saa 3, kwa kuwa adesi nyekundu haihitaji usiku mzima, nikakitandaza kwenye ungo nusu saa nyingine. Nikasaga theluthi ikawa laini, theluthi mbili chenga. Bizari nyembamba iliyokaangwa, pilipili mbichi 2, kitunguu kimoja kilichokatwa vidogo na kukamuliwa, kotmiri, chumvi mwishoni. Unga sikutia hata punje. Ukikamata tonge na kulifumba, likabaki tonge na mkono haudondoshi maji, umefika. Likidondosha, unga wa dengu kijiko 1 unatosha, na huo angalau ni wa ukoo mmoja.

Mafuta nyuzi 170 hivi. Wasio na kipimo watupie tone la mchanganyiko: lizame, lisite kidogo, kisha lipande na povu dogo. Likielea papo hapo, mafuta ni ya moto mno na kababu itaungua nje huku ndani ni mbichi. Likilala chini kama limekufa, subiri. Nilikaanga nne nne, dakika 4 hadi 5, na sikuzigusa dakika ya kwanza. Hili nalo lisemwe: kababu mbichi inahitaji kuachwa ijifunge. Mpishi wetu alikuwa na kijiko mle tangu sekunde ya pili, akizigeuza kama anatafuta sarafu.

Za kuloweka zilitoka 11, zote nzima, ganda gumu, ndani nyepesi na rangi ya maboga. Za kuchemsha nilijaribu kwanza bila unga: ya kwanza ilifunguka kama kitabu, ya pili sikuikuta tena. Nikatia unga vijiko 6, zikashika, zikawa nzito, na mafuta ikabidi niyachuje kwa kitambaa. Niliweka sahani mbili mezani bila kusema ipi ni ipi. Mwanangu mdogo alikula za sahani ya kushoto, akanyoosha mkono kwenye ya kulia, akauma, akairudisha na alama ya meno, kisha akauliza kama za kushoto zimebaki jikoni.

Mwishoni mwa kipindi wametangaza kwamba Jumamosi ijayo ni sambusa za choroko. Choroko za ndani ya sambusa, hizo wachemshe.