Picha ya Kipunji

Sisi wa Kijenge, chini ya Mlima Meru, mbega twamjua. Kipunji hatuna, yeye ni kima wa misitu ya baridi ya Rungwe na Udzungwa, na wengi wetu tumemwona pichani tu.

Na picha yake ina kisa. Mwaka 2005 wataalamu walimtangaza kwa picha, bila ya kumwua hata mmoja. Wengine wakapinga: vipi mnyama athibitishwe kwa picha? Kisha mmoja akafa katika mtego wa mkulima huko Rungwe, na kwa mwili wake akatengewa, mwaka 2006, jenasi yake peke yake. Maiti ikasadikiwa kuliko aliye hai!

Mchoro wa Zina Deretsky ni mzuri: uso mweusi, shungi utosini, manyoya marefu. Mimi hata hivyo naipenda zaidi picha ya kamera, ijapokuwa haipendezi hivyo. Mchoro waeleza alivyo, nayo yashuhudia kuwa yuko.

Linaloudhi ni yale maneno ya chini: “amegunduliwa”. Na nani, ilhali kipunji ni jina la Kinyakyusa? Atakayeichapa tena na aandike: “Kipunji, kama waitavyo Wanyakyusa.”