Sifa za Kiraka

Kiraka kizuri huanza kwa kutazama. Mshonaji huiinua nguo mbele ya mwanga, akaliona tundu lilipo, kisha akatafuta na pale ambapo bado hapajatoboka lakini nyuzi zimekonda mpaka mwanga unapenya. Hapo ndipo penye kazi. Anayeziba tundu peke yake, akakiacha kitambaa kilichochoka kando yake, atairudia nguo ileile kabla mwezi haujaandama, maana kiraka chenye nguvu kikishonewa kwenye kitambaa dhaifu hukivuta na kukichana pembeni. Basi kiraka hukatwa kikubwa kuliko tundu, kifike mahali nguo ilipo nzima. Huwekwa kufuata nyuzi za nguo zinavyokwenda, za wima kwa wima na za mlalo kwa mlalo, ama sivyo nguo itajikunja siku ya kwanza ya kufuliwa. Kingo hukunjwa ndani, hupigwa bandi kwa mkono, ndipo zishonwe. Na kama kitambaa cha kiraka ni kipya, hufuliwa kwanza kikaanikwa, kisinyae kadiri kinavyotaka kusinyaa, kabla hakijakutanishwa na kikongwe.

Naeleza kirefu kwa sababu nimechoka kusikia kiraka kikitajwa kama alama ya ufukara basi. Ni kazi ya akili na macho, ina kanuni zake, na ina watu wanaoijua na wasioijua. Mimi niliiona kwa mama yangu, nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, mwaka 1983, mwaka ambao fedha ilikuwa haba na hata ilipopatikana haikuwa na cha kununua.

Wenye umri wangu hawahitaji kukumbushwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vilianza mwaka uliofuata, na kabla nchi haijavuta pumzi bei ya mafuta ya petroli ikapanda duniani. Mkonge, zao lililoujenga mkoa wetu, ulikuwa umeshuka thamani tangu nyuzi za viwandani zilipoanza kushika soko la kamba. Baada ya vita Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ile ikapita na dhiki ikazidi. Viwanda vya nguo tulikuwa navyo: Urafiki pale Dar es Salaam, Mwatex Mwanza, Mutex Musoma. Vikakosa vipuri, vikakosa umeme na maji, vikakosa fedha za kigeni za kuagizia rangi na dawa. Nchi inayolima pamba Shinyanga na Mwanza ikawa inapanga foleni ya khanga. Machi 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, na maduka yaliyokuwa na vitu vichache yakabaki rafu tupu. Ukitaka doti ya khanga ulianzia kwa balozi wa nyumba kumi, ukaenda duka la ushirika, ukasimama juani, na huenda ukarudi mikono mitupu.

Sitaki kuupamba mwaka ule. Sabuni iliadimika, tukafulia majani ya mpapai, na upele ukawatesa watoto mtaa mzima. Tulikula ugali wa unga wa njano tuliouita wa Yanga, kwa rangi ya jezi ya timu ile, na wapo ambao matumbo yao hayakuukubali kabisa. Wagonjwa walikosa dawa. Kuusifu ufundi uliozaliwa katika upungufu hakuufanyi upungufu kuwa kitu chema. Lakini katika upungufu uleule mama yangu alikuwa na sindano, na lililofanywa na sindano ile linastahili kusemwa.

Baba alikuwa karani. Karani huingia kazini na shati lenye ukosi, na ukosi ndio unaoanza kufa katika shati, pale unapokunjwa na kusuguana na shingo. Mama aliugeuza. Kwa nusu ya wembe alifumua mshono unaoushika ukosi na kile kipande cha chini kinachoubeba, uzi mmoja mmoja, bila kukata kitambaa. Aliutia alama katikati kwa pini ili usije ukaenda upande. Kisha aliupiga pasi ya mkaa, akaugeuza, upande uliokuwa umefichwa chini ukaja juu, mpya kabisa, na ule uliochakaa ukalala chini usikoonwa na mtu. Akapiga bandi, akaupitisha chini ya cherehani. Baba aliondoka asubuhi na shati ambalo kwa aliyelitazama lilikuwa jipya. Ukosi hugeuzwa mara moja tu katika maisha ya shati. Ukichakaa na upande wa pili, hapana pa kugeuzia tena. Kwa hiyo kuijua siku ya kuugeuza ulikuwa ujuzi wenyewe. Ukiwahi, umeutupa upande uliokuwa bado na kazi. Ukichelewa, kitambaa kimeshatoboka na mshono haupati pa kushika.

Mashuka nayo huchoka katikati, mahali mwili unapolala, huku kingo zikibaki nzima. Mama alilipasua shuka kwa urefu kupita pale palipokonda, akaleta kingo mbili za nje zikutane katikati, akaziunga kwa mshono bapa usiomwumiza mwenye kulala, na zile sehemu zilizochoka zikawa pembeni, akazikunga upindo. Shuka likapungua upana kidogo, likaongeza miaka. Hesabu hiyo hakuisoma mahali popote. Aliipata kwa mama yake, na yeye kwa wake.

Uzi ulikuwa taabu kuliko kitambaa. Hapa ndipo nilipoliona jambo ambalo mpaka leo nalihesabu kuwa kilele cha ufundi wake. Kwa nguo iliyopendwa, kama kanzu ya baba ya Ijumaa, hakutafuta uzi wa dukani hata siku ulipopatikana. Alifungua pindo la kanzu yenyewe, akachomoa nyuzi ndefu kutoka kwenye kitambaa kilichokunjwa ndani, na kwa nyuzi hizo akalitililia tundu: kwanza alitandika nyuzi upande mmoja, sambamba, kisha akaipitisha sindano juu na chini yake, juu na chini, kama msusi wa mkeka. Uzi ule ulikuwa umefuliwa mara zilezile na kuanikwa jua lilelile na nguo yake. Weupe wake ulikuwa weupe uleule. Uzi mpya ungeng'aa pale na kumwita kila mwenye macho. Alipomaliza, ilinibidi nipapase kwa kidole ndipo nijue tundu lilikuwa wapi.

Khanga ilikuwa na safari yake ndefu. Ikiwa mpya ni ya kutokea, ya harusi na ya kilioni. Ikipauka kidogo ni ya kushinda nyumbani, kisha ya kulalia, kisha mbeleko. Ikilainika sana ndipo inapomfaa mtoto mchanga, kwa nepi. Halafu kitambaa cha kuepulia chungu, na mwisho dekio. Katika mwaka ule kila daraja lilirefushwa. Khanga ikitoboka kwenye mji, yaani sehemu ya katikati, mama alitafuta katika khanga iliyokwisha kustaafu kipande chenye ua linalolingana, akalipanga mpaka petali zikaungana. Kwenye pindo alikuwa mwangalifu zaidi, na maandishi ya jina, ule msemo wa khanga, hakuyafunika kamwe. Alisema khanga isiyosomeka imenyimwa ulimi.

Cherehani yetu ilikuwa ya mkono, nyeusi, na sindano yake ilibaki moja. Mama aliichomeka kwenye kipande cha mshumaa kila alipomaliza, na hapakuwa na mtoto aliyethubutu kuigusa. Mafuta ya nazi aliyakataza katu yasikaribie mashine, kwa sababu huganda na kuivutia vumbi. Alipata mafuta mepesi kwa fundi baiskeli wa jirani, na Tanga hapajapata kukosekana fundi baiskeli. Alishona kabla ya Magharibi, kwani mafuta ya taa nayo yalikuwa ya kuhesabu, na kibatari huyadanganya macho kwenye nguo nyeusi.

Majirani wakajua. Wakaanza kuja alasiri, nguo zimekunjwa chini ya kwapa.

"Shikamoo dada. Nimekuletea suruali ya mwanao, amekalia msumari."

"Marahaba. Hebu niione. Imechanika vizuri hii, imefuata uzi. Iache, uipitie kesho."

Msemo wake huo, imechanika vizuri, niliusikia mara nyingi kabla sijauelewa. Palipochanika kufuata uzi panaunganika. Palipochanika ovyo panataka kiraka. Kwa malipo walileta walichokuwa nacho: nazi mbili, fungu la dagaa, muhogo, yai lililofungwa kwenye upande wa kitambaa. Hela iliingia kwa nadra. Lakini mezani kwetu, yaani jamvini, kulikuwa na muhogo wa nazi siku ambazo mshahara wa baba ulikuwa umekwisha zamani, na sisi watoto hatukujua kwamba ulikuwa umekwisha. Hilo nimelijua ukubwani.

Na zilikuwapo raha. Waliokaa kusubiri nguo zao hawakusubiri kimya. Tanzania Bara ilikuwa haina kituo cha televisheni, wala haikuwa nacho mpaka mwaka 1994. Tulikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, na redio yetu ilikula betri ambazo hazikupatikana. Tulizianika juani mchana kutwa juu ya bati, zikapata nguvu kidogo ya kutufikisha jioni. Tulizitunzia vipindi maalumu. Watoto tulikuwa na Mama na Mwana, na nyumba nzima ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi, na siku hiyo barazani kwetu walikaa watu wa nyumba jirani, wengine wakiwa wamevaa viraka vilivyotoka kwenye mkono mmoja. Walicheka pamoja. Betri zikizimika katikati ya kisa, mzee mmoja alikimalizia kwa ubunifu wake, na mara nyingine kisa chake kilikuwa kitamu kuliko cha redioni.

Idi ndogo ya mwaka ule iliangukia Julai. Mtoto wa pwani bila nguo mpya siku ya Idi ni huzuni isiyo na dawa, na nguo hazikuwapo. Mama alichukua mashati mawili ya baba yaliyokwisha kugeuzwa ukosi, moja la buluu na moja jeupe, akafumua yote, akachagua vipande vizima, akanishonea shati lenye mwili wa buluu na mabega meupe, mfuko mweupe wenye mdomo wa buluu. Dada yangu alipata gauni la pazia la maua. Tulikwenda kuswali, tukapita nyumba hadi nyumba kupeana mkono wa Idi, na alasiri tukaenda Raskazone pwani, machungwa ya Muheza yakiwa msimuni na bei yake ikiwa bado ya watu. Nililivua shati langu kwa uangalifu kabla ya kuogelea, nikalikunja, nikaliweka juu ya jiwe na kuligeukia kila mara nikiwa majini. Nimevaa nguo za bei kubwa baada ya hapo. Sijavaa nyingine iliyonikaa vile.

Shuleni karibu sote tulikuwa na viraka, hivyo aibu haikupata pa kukaa. Kilichotutofautisha kilikuwa mkono. Tulijua kaptura hii imeshonwa na mama wa nani kwa kutazama tu jinsi mishono ilivyozunguka makalioni, safu kwa safu, zikikaribiana kuelekea katikati. Siku moja nililalamika, na mama hakuinua uso kutoka kwenye kazi. "Usionee haya kiraka, mwanangu. Onea haya ukitoka na tundu na sindano imo ndani."

Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na mwaka uliofuata Mzee Ali Hassan Mwinyi akaingia madarakani, ruksa ikatamalaki. Mitumba, iliyokuwa ikiitwa kafa Ulaya na kuuzwa kwa kuibia, ikajaa masoko. Watu walivaa, na nilifurahi pamoja nao. Lakini shati likawa rahisi kuliko uzi wa kulishonea, na aliyejua kuugeuza ukosi hakuulizwa tena. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba masokoni kwa hatua. Marekani ikatishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya ushuru, na Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo wake na ikapoteza nafuu hiyo kwa nguo zake mwaka 2018. Mjadala ulihusu viwanda na ushuru. Sikumsikia yeyote akiuliza nani atazirekebisha nguo tulizo nazo tayari.

Yupo anayezirekebisha. Amekaa barazani pa duka la mtu au chini ya mwembe sokoni, cherehani mbele yake, boksi la vifungo visivyofanana miguuni. Anapunguza suruali, anabadili zipu, anatia kiraka cha ndani kwenye jinzi ya kijana, na kwa kazi ya nusu saa hutaja bei ambayo haifiki hata soda mbili. Watu humtaka apunguze. Humwambia ni kushona kidogo tu, mara moja, kana kwamba macho yaliyoiona njia ya uzi na mkono uliojua mahali pa kuishia kiraka havina thamani. Nakuomba wewe unayesoma: ukimpelekea nguo, mwache aitazame mbele ya mwanga kwa muda anaoutaka, na akikutajia bei, mpe kama alivyotaja.