Picha Inayoishia Uwanjani

Watanzania wengi wa rika langu wanaijua picha ya John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, akiingia uwanjani Mexico City tarehe 20 Oktoba 1968, mguu umefungwa bandeji, giza limeshaingia na watazamaji wengi wamekwishaondoka. Mwethiopia Mamo Wolde alikuwa ameshinda mbio hizo za marathoni kwa saa 2:20:26. Akhwari alianguka njiani, akaumia goti na bega, akamaliza kwa saa 3:25:27, wa 57 na wa mwisho. Mmarekani Bud Greenspan aliitangaza habari hiyo duniani kwa filamu zake, na lile jibu la Akhwari, kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio na si kuzianza tu, limegeuka kuwa sala ya walimu wa michezo. Mimi nami nimeisali sana mstarini.

Sina ugomvi na picha yenyewe. Ugomvi wangu ni mahali inapokatwa. Mtu aliyeumia katikati ya mbio damu yake bado inachemka, na kazi iliyobaki ni ya saa moja au mbili. Aliyekwisha kupona ana kazi nyingine kabisa: kurudi kwenye mstari wa kuanzia, akijua goti lake liliwahi kumfanyia nini.

Nilipokuwa mwalimu mkuu wa shule moja karibu na Lukozi, beki wetu wa kulia alivunjika mguu. Kiwanja chetu, kama vingi huku Usambaa, kilichongwa kwenye mteremko. Mpira ukitoka upande wa chini, unaufuata kwenye viazi vya watu, na ukungu ukishuka majani huteleza kama sabuni. Mfupa ukaunga, mganga akamruhusu. Kijana akarudi mazoezini, lakini kila mpira wa kugombea alifika nusu hatua nyuma ya mwenzake. Nilivumilia wiki mbili. Kisha nikamwita mwoga mbele ya wenzake (naandika haya kwa aibu) na nikamsimulia Akhwari.

Alinisikiliza kwa adabu, mikono nyuma. Halafu akauliza, "Mwalimu, na baada ya pale alikimbia tena?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu filamu haikunipa. Nikamwambia akavae njumu.

Alicheza, nadhani kwa kuniogopa mimi zaidi ya kuuogopa mguu. Kipindi cha pili alijipinda kuukinga ule uliowahi kuvunjika, akaanguka vibaya, akaumia goti la mguu mwingine. Hakucheza tena.

Jibu nililipata nikiwa nimekwisha kustaafu. Mwezi wa Julai 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari alikimbia marathoni akawa wa tano, kwa saa 2:15:05. Mshindi alikuwa Mwingereza Ron Hill. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu kubwa ya habari, na ndiyo iliyoachwa nje, labda kwa kuwa mtu wa tano asiyechechemea hamlizi mtazamaji. Nikasoma pia kwamba mwaka 2008 Kate Webster na wenzake huko Australia walitoa maswali 12 ya kupima utayari wa moyo wa mchezaji aliyefanyiwa upasuaji wa ukano wa goti kabla hajarudi mchezoni. Hofu ya kuumia tena imo humo, imeulizwa kwa upole kama daktari anavyouliza homa. Hakuna anayeitwa mwoga.

Kijana wangu sasa ni mtu mzima, ananunua karoti na kabichi za kupeleka Dar es Salaam. Nilimkuta soko la Lukozi, kati ya magunia, nikampa jibu lake la zamani, pamoja na miaka yake. Akahesabu kwa vidole kutoka Oktoba hadi Julai ile.

"Miezi ishirini na moja, Mwalimu," akasema. "Mimi ulinipa wiki mbili."