Jina na Mdundo: Kiswahili katika Chimbuko la Jazi-Roki

Ni vigumu kupata katika karne ya 20 muziki ulioshutumiwa na jamaa zake wenyewe kama ule uliozaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya sitini kwa kuchanganya jazi na roki. Wahakiki wengi wa jazi waliuona kuwa ni usaliti. Mashabiki wengi wa roki waliuona kuwa ni maringo ya mafundi wasio na moyo. Makala haya hayanuii kuutetea muziki huo wote, maana mna ndani yake mengi yasiyostahili kutetewa. Yananuia kuuliza swali moja ambalo linamhusu mwanafunzi wa fasihi sawasawa na msikilizaji wa muziki: sanaa mbili zinapochanganywa, mhakiki apime nini? Na kwa kuwa jarida hili ni la lugha za Kiafrika, tutalifuata swali hilo hadi kwa kundi moja lililojiita kwa lugha yetu, yaani kundi la Herbie Hancock la miaka ya 1970 hadi 1973, lijulikanalo kwa jina la Mwandishi.

Kwanza hatuna budi kuondoa utata wa istilahi. Msomaji wa Afrika Mashariki alisikiapo neno jazi huikumbuka Western Jazz ya Dar es Salaam, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Shirati Jazz ya D. O. Misiani, au OK Jazz ya Franco iliyoundwa mwaka 1956 katika mji ambao leo huitwa Kinshasa. Hizo zilikuwa bendi za dansi, na muziki wake ulikuwa rumba, benga na jamaa zake. Wanamuziki wetu walilichukua jina kutoka ng'ambo, wakalivika muziki wao wenyewe. Jazi tunayoizungumzia hapa ni ile ya Wamarekani Weusi iliyochipuka New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo uti wa mgongo wake ni utungaji wa papo hapo: mpigaji hupewa wimbo kama vile malenga apewavyo bahari na vina, kisha hutarajiwa kutunga palepale mbele ya wasikilizaji. Jambo hili la jina kusafiri likakiacha nyuma kitu chake tuliweke akilini, maana tutakutana nalo tena likitokea upande wa pili.

Roki nayo haikuwa mgeni kabisa kwa jazi. Zote mbili zilinyonya titi la bluzi, ila roki ilijengwa juu ya gitaa la umeme, mdundo mzito usioyumba, na soko la vijana. Kufikia katikati ya miaka ya sitini soko hilo lilikuwa limeufunika muziki wa jazi. Vijana wa jazi waliokua wakisikiliza vyote viwili walianza kujaribu. Mpiga gitaa Larry Coryell aliingia katika kundi la The Free Spirits, ambalo santuri yake ilitolewa mwaka 1967; mwaka huohuo alishiriki katika santuri ya Gary Burton iitwayo Duster. Kwa upande wa roki, kundi la Blood, Sweat & Tears lilianza mwaka 1968 kutumia tarumbeta na saksafoni katika nyimbo zake. Majaribio haya yalikuwa na uhai, lakini katika mengi yake sanaa mbili ziliketi bega kwa bega tu, kama wageni wawili katika jamvi moja. Kila moja ilibaki na desturi zake.

Badiliko kubwa lilitokana na mpiga tarumbeta Miles Davis. Mwezi Februari 1969 aliwakusanya wapiga vinanda vya umeme watatu, Herbie Hancock, Chick Corea na Joe Zawinul, pamoja na mpiga gitaa Mwingereza John McLaughlin, wakarekodi santuri iitwayo In a Silent Way. Mwezi Agosti mwaka huohuo, kwa muda wa siku tatu, Davis alirekodi Bitches Brew, iliyotolewa mwaka 1970. Hapo ndipo mashtaka yalipopamba moto. Ilisemekana kwamba Davis ameuza urithi wake kwa fedha za vijana wa kizungu. Kwa lugha yetu tungesema kwamba alihukumiwa kwa methali moja tu: mwacha asili ni mtumwa.

Hatuwezi kukataa kwamba fedha ilikuwamo. Kampuni ya Columbia ilitaka mauzo, naye Davis alitaka kusikilizwa na umati uliokuwa ukiwasikiliza Jimi Hendrix na Sly Stone. Lakini mhakiki anayeishia kwenye nia ya msanii hajaanza kuhakiki. Na tuitazame fani yenyewe. Katika jazi ya kabla ya hapo, kawaida ilikuwa kutanguliza wimbo, kisha kila mpigaji akapewa zamu yake juu ya mfululizo ule ule wa sauti zipatanazo, hatimaye wimbo ukarudi. Katika Bitches Brew mfululizo huo umeondolewa mara nyingi. Mahali pake pamewekwa kifungu kifupi cha besi kinachorudiwarudiwa, na juu yake wapigaji wengi, pamoja na wapiga ngoma zaidi ya mmoja, wanasemezana bila ya kungojana zamu. Tena mtayarishaji Teo Macero aliukata utepe na kuuunga upya, hata vipande vilivyopigwa mara moja vikasikika mara mbili. Katika In a Silent Way mwanzo wa upande wa pili wa santuri ndio unaorudi kuwa mwisho wake: si kwamba ulipigwa tena, bali ni utepe ule ule ulionakiliwa. Utungaji wa papo hapo ulikutana hivyo na utungaji wa baada ya tukio. Umeme hapa si vazi lililovikwa mwili wa zamani. Umeubadilisha mwili.

Karibu kila tawi la jazi-roki lilitokana na watu waliopita mikononi mwa Davis. Tony Williams, aliyekuwa mpiga ngoma wake, alitoa Emergency! mwaka 1969. McLaughlin aliunda Mahavishnu Orchestra na kutoa santuri ya kwanza mwaka 1971, akiingiza mizunguko ya mapigo aliyojifunza kutoka muziki wa Kihindi. Zawinul na mpiga saksafoni Wayne Shorter walianzisha Weather Report mwaka 1970. Corea alianzisha Return to Forever. Na Hancock, aliyezaliwa Chicago mwaka 1940 na kupiga kinanda katika kundi la Davis tangu 1963 hadi 1968, alikusanya watu sita, yeye akiwa mmoja wao, ambao tunaelekea kwao sasa.

Majina ya Kiswahili yaliingia katika kundi hilo kwa njia ya James Mtume, mpiga ngoma ambaye baadaye, tangu 1971 hadi 1975, alipiga na Davis mwenyewe. Mtume alikuwa amepitia jumuiya ya US, iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 1965, ambayo mmoja wa waasisi wake ni Maulana Karenga, mwanzilishi wa sikukuu ya Kwanzaa. Jumuiya hiyo ilikichagua Kiswahili kwa sababu hakikuonekana kuwa mali ya kabila moja. Kwa watu walionyang'anywa lugha za mababu zao, wasijue hata walitoka wapi, lugha ya wengi ilikuwa kimbilio la haki. Mwaka 1969 Mtume, Hancock na wenzao walirekodi santuri iitwayo Kawaida chini ya mpiga ngoma Albert Heath. Muda si mrefu kila mwenzi wa Hancock alikuwa na jina lake: yeye mwenyewe Mwandishi, mpiga tarumbeta Eddie Henderson Mganga, mpiga besi Buster Williams Mchezaji, mpiga ngoma Billy Hart Jabali, mpiga tromboni Julian Priester Pepo, na Bennie Maupin, mpiga saksafoni na klarineti ya besi, Mwile.

Mwanaisimu hataacha kutabasamu. Henderson alifaa kuitwa Mganga, kwa kuwa alikuwa daktari kweli kwa taaluma. Lakini Mwile halimo katika Kiswahili sanifu. Lililo karibu nalo ni mwili. Mchezaji kwetu ni wa mpira au wa ngoma kwa miguu yake. Mwenye ala huitwa mpigaji. Hancock naye tungemwita mtunzi, kwani mwandishi ni mtu wa kalamu, na sehemu kubwa ya muziki wa kundi hili haikupitia kwenye kalamu kabisa. Pepo ana maana mbili zinazopingana, raha ya akhera na jini ampandaye mtu. Na katika pwani yetu mganga ndiye apigishaye ngoma ili pepo atulie. Kumweka Mganga na Pepo katika kundi moja ni jambo ambalo mtu wa Lamu au Mombasa angeliona kuwa na busara kuliko walivyokusudia wenyewe.

Je, tuseme kwamba Kiswahili kilikuwa pambo tu? Tukijibu upesi tutakosea, maana itatupasa tuseme vivyo hivyo juu ya wazee wetu waliolitwaa neno jazi. Jina la kuazima halidai kwamba muziki ni wa kule lilikotoka. Hutangaza kwamba mwenye kulitwaa amejichagulia ukoo. Na katika santuri ya kwanza ya kundi, iitwayo Mwandishi, iliyorekodiwa Desemba 1970 na kutolewa 1971, uchaguzi huo unasikika. Wimbo wa kwanza umetungwa kwa heshima ya Angela Davis, aliyekuwa kizuizini wakati huo. Umejengwa juu ya kifungu cha besi chenye mapigo madogo 15, manane kisha saba, ambacho kinarudi bila kuchoka huku wapigaji wakiingia na kutoka. Ni vigumu kumtaja nani kiongozi. Santuri zilizofuata, Crossings ya 1972 na Sextant ya 1973, zilimwongeza Patrick Gleeson na mashine zake za kuumba sauti kwa umeme, na sauti za ala zikazidi kuyeyukiana. Majina sita yalitaja watu sita walio sawa, na muziki ukafanya kama majina yalivyosema. Hapo jina na mdundo vilipatana.

Kundi hilo halikuweza kujilisha, likavunjika mwaka 1973. Mwaka huohuo Hancock, akibaki na Maupin peke yake, alitoa Head Hunters, santuri nyepesi zaidi, yenye mdundo wa dansi, iliyouzwa kwa wingi mno. Humo aliupiga upya wimbo wake wa 1962, Watermelon Man. Mwanzoni mwake mpigaji Bill Summers anapuliza chupa ya bia, pumzi moja kwa chupa na sauti moja kwa koo, kwa kupokezana. Ufundi huo uitwao hindewhu ni wa Wabenzélé wa Afrika ya Kati, nao ulikuwa umesikika katika santuri ya utafiti iliyotolewa mwaka 1966. Wabenzélé hawakutambuliwa kuwa watunzi wala hawakulipwa. Mtafiti Steven Feld alipomuuliza Hancock juu ya jambo hilo, alilieleza kuwa la kindugu kati ya watu weusi. Mwaka 1994 mwimbaji Madonna alinakili kipande cha wimbo huo katika wimbo wake Sanctuary. Safari hii aliyeazimwa alitajwa: alitajwa Hancock.

Kwa fani tu, kazi hiyo haina kasoro: pumzi ya hindewhu ndiyo iliyouzaa mdundo wote unaofuata, si pambo hata kidogo. Kwa hiyo kipimo chetu cha kwanza, kwamba kilichoazimwa kimeubadilisha mwili wa sanaa au kimekuwa vazi tu, hakitoshi. Yafaa kiandamane na cha pili: aliyeazimwa ametajwa na kupata fungu lake? Undugu ni neno zuri, lakini ndugu hugawana.

Wapinzani wa jazi-roki hawakuuliza swali lolote kati ya hayo mawili. Katika miaka ya themanini mpiga tarumbeta Wynton Marsalis na mhakiki Stanley Crouch waliipinga kwa hoja ya usafi wa asili, na filamu ndefu ya Ken Burns kuhusu jazi, iliyoonyeshwa mwaka 2001, iliipita mbio miaka hiyo kana kwamba familia inaficha aibu. Kweli, kufikia mwisho wa miaka ya sabini sehemu kubwa ya muziki huo ilikuwa imegeuka mashindano ya vidole au mapambo ya kumtuliza mnunuzi. Lakini ilishindwa kwa sababu mchanganyiko ulikoma, si kwa sababu ulikuwapo. Sanaa mbili zilikuwa zimekwisha kuwa kanuni moja iliyozoeleka, na hakuna aliyekuwa akimsikiliza mwenzake.

Wasomaji wa jarida hili wanaifahamu kesi hiyo kwa jina lingine. Kichomi cha Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974, mjadala wa ushairi wetu ulitumia miaka mingi kuuliza iwapo shairi lisilo vina ni la Kiswahili, na miaka michache kuuliza shairi fulani limefanya nini kwa uhuru wake. Jazi-roki inatufundisha kwamba swali la kwanza ni la mlinzi wa mlango. La pili ndilo la mhakiki.