Bendi ya Mtu Mmoja

Jumamosi usiku, katika baa za Githurai 45, Kiambu, bendi nzima hukalia kiti kimoja. Ni mtu na gitaa lake, maikrofoni, na kibodi inayomdundia ngoma pembeni. Wapenzi wa mugithi, muziki uliovumishwa na kina Mike Rua na Salim Junior, hawaulizi wenzake wako wapi. Wanachotaka kujua ni kama atawafikisha alfajiri.

Mimi hutazama kidole gumba chake. Hicho ndicho kinachoshika nyuzi nene za besi bila kupumzika, huku cha shahada kikidonoa nyembamba. Ujuzi huu ulitembea sana kabla ya kufika Kiambu. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, Likasi ya leo nchini Kongo, na baadaye Mwenda mwenyewe akaja Nairobi, akasikika redioni, na wapigaji wa Kenya wakamsikiliza kwa makini. Wajaluo nao walihamishia midonoo ya nyatiti, ala yao ya nyuzi, kwenye gitaa, ikazaliwa benga. Wakikuyu wakaipokea na kuipa sauti yao. Daniel Kamau wa Gatanga, ng'ambo ya Thika, ni mmoja wao.

Yote hayo yamo mkononi mwa mpigaji wa Githurai, na bado anaongeza. Ataanza na wimbo wa Kikuyu wa Joseph Kamaru, aingie wa kantri wa Jim Reeves, aguse rege, kisha apige wimbo wa kanisani ambao maneno yake yamegeuzwa utani wa watu wazima. Hanyamazi katikati. Pagumu ni pale anapotoka kwenye wimbo wa kantri wa mapigo matatu kwenda manne ya benga: kidole gumba lazima kivuke kwanza, sauti ifuate, na wachezaji, walioshikana viuno kwa mstari mrefu kama mabehewa, wasikosee hatua. Mpigaji dhaifu hapa huiachia kibodi kazi yote, na kibodi haijui kungoja. Aliye fundi huipunguza sauti, akavuka kwa nyuzi peke yake. Nimeona watu wakimshangilia kwa kuvuka tu, kabla hajaimba neno.

Mwaka 1987 wenye kampuni za rekodi walikutana katika baa moja London, wakakubaliana jina la kuuzia muziki wa namna hii madukani: muziki wa dunia. Mchanganyiko wa Githurai haukungoja jina hilo, wala haukuundwa kwa ajili yake. Uliundwa na wasikilizaji wenye kiu ya nyimbo nyingi na mfuko mdogo, wasioweza kulipa wapigaji wanane.

Ninachosikitikia ni studio. Huko mpigaji hukatiwa wimbo mmoja wa dakika chache, na kule kuvuka, ambako ndiko ufundi wenyewe, hakurekodiwi. Laiti mtu angefanya kama Tracey: aje na mitambo yake usiku wa Jumamosi, aiwashe saa nne, asiizime mpaka kumekucha.